Mbuzi Aliyeuzwa kwa Mwenye Mbuzi

Mdogo wangu Isihaka alianza kusema akiwa na miezi tisa na hajanyamaza mpaka leo, ukitoa kipindi kimoja nitakachokieleza hapa. Mimi, Mwaija, ndiye niliyembeba mgongoni mama akiwa shamba. Maneno yake ya kwanza yaliingia kwenye sikio langu hili la kulia, na nadhani ndiyo maana halisikii vizuri.

Sisi ni Wazigua wa Handeni. Baba alilima mahindi na muhogo, na sisi tunalima mahindi na muhogo. Wote wawili tuliishia darasa la saba. Ila Isihaka alijaliwa kazi ya mdomo: ni dalali wa mnada. Kila Jumatano, wenye mbuzi na ng'ombe wanapokusanyika kiwanjani, yeye hupanda juu ya gogo la mkwaju na fimbo yake ya mpingo mkononi, halafu anafungulia.

"Huyu si mbuzi, jamani, huyu ni ng'ombe aliyechelewa kukua! Mtazameni macho! Angekuwa binadamu huyu angekuwa diwani! Nani kasema? Mzee wa koti jeusi kasema! Mama wa ushungi wa njano anamwachia? Humwachii! Nilijua humwachii!"

Bei ikifika mwisho anagonga gogo mara tatu kwa fimbo. Ikishagonga ya tatu, mbuzi ameuzwa, na hata angeshuka malaika kusema vinginevyo hasikilizwi. Hiyo ndiyo sheria ya mnada wetu tangu enzi za babu. Isihaka aliishika fimbo ile akiwa na miaka ishirini na sita. Sasa ana arobaini na tatu. Watu wanatoka mpaka Mkata kuja kumsikiliza tu, hawanunui hata kuku, nao nawalaani kila wiki kwa sababu wanajaza benchi langu la chai bila kunywa chai.

Ugonjwa ulimwingia kwa kunyata. Kwanza jicho la kushoto lilififia wiki tatu, likarudi. Tukasema vumbi. Mwaka uliofuata miguu ikawa inamtambaa kama ina siafu. Tukasema baridi ya asubuhi shambani. Sisi hatukosi jibu. Ukituuliza jambo tusilolijua ndiyo kwanza tunajibu haraka.

Halafu ukaja uso.

Siku ile alikuwa anatafuna kipande cha muhogo nyumbani kwake. Mkewe Shamimu anasema alidondosha muhogo, akashika shavu la kushoto, akabaki mdomo wazi na machozi yanamtoka, hana sauti. Ilikuwa kama umeme, anasema mwenyewe. Umeme unatoka mbele ya sikio unapita kwenye taya mpaka kidevuni, unapiga, unaacha, unapiga. Kuanzia hapo akitafuna, unapiga. Akinyoa ndevu, unapiga. Upepo ukimgusa shavu, unapiga. Akiosha uso kwa ajili ya swala, maji ya baridi ndiyo adui mkubwa. Na akisema, ndugu yangu, akisema ndiyo unapiga kuliko yote.

Basi Isihaka akanyamaza. Aliongea kwa mikono na kwa nyusi.

"Wifi," Shamimu aliniambia, "siku mbili za kwanza nilimshukuru Mungu kwa utulivu. Siku ya tatu nikaanza kuogopa."

Kila mtu alijua ni jino. Mimi pia nilijua. Kuna bwana mmoja alikuwa anapita vijijini na baiskeli na koleo lake, akang'oa la kwanza, tukasema ndilo hilo. Umeme ukarudi. Akang'oa la pili, akasema lile la kwanza lilikuwa limemdanganya. Akang'oa la tatu. Meno yenyewe yalikuwa mazima, meupe kama punje za mahindi ya mbegu.

"Isihaka," nikamwambia, "ukiendelea hivi utakuwa unanadi mbuzi kwa ufizi."

Hakucheka, maana kucheka nako kulikuwa kunapiga.

Sitaeleza safari zote. Itoshe kusema tulitoka Handeni kwenda Korogwe, Korogwe wakatuandikia barua ya Moshi, na Moshi wakamwingiza kwenye ile mashine inayopiga picha ya ubongo. Nilimsubiri nje saa nzima. Bingwa wa mishipa ya fahamu alituonyesha picha, madoa meupe hapa na pale kama ukurutu, akataja jina la ugonjwa kwa Kiingereza, jina refu. Wenyewe wanalifupisha, wanasema MS. Dawa za kuutuliza ugonjwa wenyewe zina habari zake na foleni zake huko Moshi. Ya maumivu akatuambia tutafuatilia Korogwe, kwa Daktari Agripina.

Daktari Agripina ni mtoto wa hapahapa Korogwe, baba yake alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na mbili na ananiamkia, lakini akikutazama juu ya miwani unajihisi wewe ndiye mtoto. Yeye ndiye aliyetueleza tukaelewa.

"Mmeshaona jani la mkonge likiingia kwenye mashine?" alituuliza.

"Tumeona."

"Nyama ya kijani yote inakwanguliwa, zinabaki singa tupu. Sasa mishipa ya fahamu nayo ina nyama yake ya kuilinda. Askari wa mwili wa Isihaka wameacha kupigana na wadudu, wanaikwangua nyama ile. Pale palipobaki singa tupu, habari zinapita ovyo. Upepo unagusa shavu, ubongo unaletewa habari kwamba shavu linaungua."

Isihaka akaandika kwenye karatasi: *Kwa hiyo si jino?*

"Si jino."

Akaandika: *Na meno yangu matatu?*

Daktari akavua miwani akaifuta. "Pole sana, kaka," akasema.

Vidonge vya maumivu vya dukani havifui dafu kwa maumivu ya namna hii, ndivyo alivyotuambia, maana tatizo liko kwenye waya wenyewe. Akampa dawa inayoitwa kabamazepini. Ni dawa inayotumika pia kwa watu wa kifafa, na kwa sababu hiyo kabla hatujashuka kwenye basi kijiji kizima kilikuwa kimeshapata habari kwamba Isihaka ana kifafa. Nilipita nyumba tatu kurekebisha habari hiyo. Nyumba ya nne nilirekebisha na mwenye nyumba.

Dawa ilifanya kazi. Ndani ya siku chache umeme ulipungua, Isihaka akasema neno la kwanza, nalo lilikuwa malalamiko kuhusu mlenda. Shamimu alilia kwa furaha. Lakini wiki zilivyopita umeme ukaanza kujipenyeza tena, daktari akapandisha dawa kidogo, ukatulia, ukajipenyeza, akapandisha tena. Vikafika vidonge vitatu kwa siku: asubuhi, mchana, jioni. Hapo maumivu yalishuka, ila na Isihaka naye alishuka nayo. Miguu ile ya siafu ikawa inayumba. Anasinzia akiwa amekaa. Mtu asiyejua harufu ya pombe anatembea kama ametoka kilabuni.

"Nitazoea," alisema.

Hakumwambia daktari. Alisema akimwambia atapunguziwa, na umeme utarudi, na ukirudi atapoteza fimbo. Hilo ndilo lililokuwa linamnyima usingizi: asimame juu ya gogo na sauti yake, au afe akiwa mtu mwingine.

Ndipo ukaingia mwezi wa Ramadhani.

Mimi Ramadhani siuzi chai. Nauza magimbi, viazi na mihogo ya futari palepale mnadani. Kwa hiyo Jumatano ya kwanza ya mfungo nilikuwa nimekaa hatua kumi kutoka kwenye gogo, na nimeona kila kitu kwa macho yangu mawili.

Semboja alileta mbuzi dume mwekundu mwenye doa jeupe pajani. Semboja ni Msambaa wa Mpale, huko milimani kwenye baridi, ameoa kwetu miaka mingi, na yeye na Isihaka ni watani wa kutukanana hadharani. Isihaka akapanda gogo. Akapanda vibaya, akashikwa mkono. Sauti ilikuwepo, lakini nzito, kama mtu anayeongea na kitambaa mdomoni.

"Mbuzi wa Msambaa huyu," akaanza, "amezoea baridi, mkimchinja msimweke kwenye friji."

Watu wakacheka. Bei ikaanza kwenda. Mara anasema, "Wawili wa kofia nyeupe wamesema," na mwenye kofia nyeupe alikuwa mmoja. "Akina mama wawili hapo mbele," na pale mbele alikuwepo mama mmoja tu. Nikaacha kupanga magimbi nikatazama. Semboja alikuwa amesimama kando ya mbuzi wake, jua linampiga, akainua mkono kurekebisha baraghashia.

"Mwenye baraghashia kasema!" Isihaka akapiga kelele. "Kuna zaidi? Hakuna!"

Ko. Ko. Ko.

Hata mbuzi alinyamaza.

"Isihaka," Semboja akasema polepole, "ni mimi."

"Hongera, umepata mbuzi mzuri."

"Mbuzi ni wangu!"

"Si ndiyo nasema? Ni wako sasa."

Kiwanja kilipolipuka kwa kicheko nilidhani paa la banda la ngozi litaondoka. Lakini sheria ni sheria, fimbo imegonga ya tatu. Semboja akamnunua mbuzi wake, akalipa na ushuru, akarudi naye nyumbani. Anasema mkewe alimpokea mlangoni akamwuliza, "Hakuuzika?" Akamjibu, "Ameuzika. Nimemnunua mimi."

Kila mtu alicheka ila wawili. Isihaka, aliyekuwa ameketi juu ya gogo ameshika kichwa. Na Zaidi, mwenyekiti wa mnada. Zaidi ni mtu wa haki, simsemi vibaya, lakini ana uso wa mtu anayesoma matangazo ya vifo.

"Isihaka," alisema watu walipotawanyika, "leo tumecheka. Kesho mwenye ng'ombe hatacheka. Jumatano mbili zijazo nitanadi mwenyewe, wewe upumzike. Jumatano ya mwisho kabla ya Iddi panda gogo. Ikiwa hivi tena, nachukua fimbo, naleta spika na mtu mwingine wa kuishika."

"Sawa, mwenyekiti," Isihaka akasema, na mimi nikajua hayuko sawa, kwa sababu lilikuwa jibu la maneno mawili.

Siku ile nilifuturu kwake. Sikualikwa. Nikakaa mkekani nikawa namtazama kama paka anavyotazama shimo. Adhana ilipolia akala tende, akameza kidonge kimoja kwa uji.

"Vingine viwili?" nikamwuliza.

"Vya daku."

"Viwili kwa pamoja?"

"Sasa dada, cha mchana nitakimezaje nami nimefunga? Nakiweka pamoja na cha daku. Hesabu ni ileile, vitatu."

Shamimu akaweka bakuli chini taratibu. Nilihesabu mpaka tano, kitu nisichokifanya mara nyingi.

"Kwa hiyo ukipanda gogo saa nne asubuhi, vidonge viwili vinakupanda wewe."

Akageuza kokwa la tende mkononi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilimwona Semboja wawili, dada. Nilidhani mmoja ni mnunuzi."

Alhamisi asubuhi tulikuwa kwenye basi la Korogwe.

Daktari Agripina aliniamkia, nikamwitikia, akamgeukia Isihaka. "Umefunga, kaka?"

"Nimefunga, daktari."

"Na kidonge cha mchana kimekwenda wapi?"

Isihaka akatazama dari. Mtu mwenye maneno ya kuuza mbuzi mia hana neno moja la kumwambia mwanamke mwenye miwani. Nikaeleza mimi: futari, daku, kuyumba, kusinzia, gogo, Semboja wawili. Nilipofika kwenye Semboja daktari aliinamisha kichwa juu ya faili, mabega yakamtetemeka. Alipoinuka alikuwa daktari tena.

"Kwanza, kuona vitu viwiliviwili na kuyumba maana yake dawa imezidi kwenye damu kwa wakati mmoja. Ungeanguka ukavunjika nyonga, tungekuwa tunaongea mengine. Pili, ulikuwa unayumba hata kabla ya Ramadhani na hukuniambia. Kwa nini?"

"Niliogopa utapunguza."

"Nitapunguza."

Uso wa mdogo wangu ukaanguka kama nguo kwenye kamba iliyokatika.

"Sijamaliza," daktari akasema. "Mtu mmoja akibeba gunia la mahindi peke yake, anafika ila kiuno kimevunjika. Ndivyo tulivyoifanya dawa hii, tumeipandisha mpaka inakuumiza wewe. Sasa tutaiteremsha kidogo, kisha tutaiongezea mwenzake, anaitwa gabapentini. Wote wawili kwa kipimo kidogo, kila mmoja ashike pembe yake ya gunia. Watu wenye ugonjwa wako mara nyingi hawastahimili kipimo kikubwa cha hii ya kwanza, miguu inalegea."

"Atapona?" nikauliza.

"Umeme unaweza kupita siku moja moja, mama. Sitawadanganya. Tunachotaka ni aongee, ale, na asimame wima."

Isihaka akainua kidole, kama darasani. "Daktari, kama mbili ni nzuri, tatu si nzuri zaidi? Jirani yangu ana vidonge vya mgongo, vikali sana, alinipa—"

"Viko wapi?"

Akavitoa mfukoni. Daktari akanyoosha mkono akavichukua bila kusema asante.

"Kila kidonge unachoongeza bila kuniambia si mbebaji wa tatu. Ni mtu anayekuja kukaa juu ya gunia. Na usiache chochote ghafla pia, hata ukijisikia mzima kama simba. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Akampeleka kutolewa damu, akisema dawa ile ya kwanza wakati mwingine inashusha chumvi ya mwilini na mtu anazubaa. Ilikuwa imeshuka kidogo, si ya kutisha. Akampigia simu yule bingwa wa Moshi, wakaongea Kiingereza chao, kisha akaandika kila kitu kwa herufi kubwa: wiki ya kwanza hivi, ya pili hivi, ya tatu hivi, kidogo kidogo. Chini akaandika: ASIFUNGE. Akapiga mstari chini yake mara mbili.

Hilo la mwisho ndilo lililomwuma Isihaka kuliko sindano. Njia nzima ya kurudi alikuwa ananung'unika. Watu watasemaje? Dalali anakula mchana? Nikampitisha moja kwa moja kwa Mwalimu Faraji wa madrasa, na vumbi la safari miguuni.

Mwalimu alisoma karatasi yote, mbele na nyuma. "Ugonjwa wa kudumu," akasema, "unatoa fidia. Kila siku usiyofunga unalisha maskini mmoja. Mungu hakukulazimisha ufunge mpaka umuuzie mtu mbuzi wake."

"Mwalimu nawe umesikia?"

"Isihaka, wamesikia mpaka Bungu."

Basi fidia nikapika mimi, kwa sababu Shamimu alikuwa na kazi ya kumlinda mumewe na mimi sufuria zangu zilikuwa hazina kazi mchana. Tulimlisha Bibi Faudhia, mjane wa nyuma ya kisima, hana mtu. Kila jioni nilimpelekea bada, ule ugali wetu wa muhogo, na mboga ya kunde, siku nyingine samaki. Siku ya tatu akaniambia fidia ina chumvi kidogo. Siku ya sita akaniuliza kama fidia haina maandazi. Akila anainua mikono juu.

"Ewe Mola, mjalie Isihaka mwanangu afya," anaomba, "lakini usimponye kabla ya Iddi."

Dawa nazo zilitaka mpango. Isihaka ana tabia ya kutoa vidonge kwenye pakiti na kuvitia vyote kwenye kopo moja, anasema vinashika nafasi ndogo. Shamimu alichukua trei mbili za mayai, akazikata na kuziunga, zikapatikana safu tatu za vishimo saba. Safu ya asubuhi, ya mchana, ya jioni. Kila Ijumaa anajaza wiki nzima, kidonge cheupe kwenye shimo lake, kapsuli ya njano kwenye lake, na anaiweka juu ya kabati pasipofikiwa na kuku. Ukitazama trei unajua kama bwana amemeza au hakumeza, hakuna ubishi.

Siku za kwanza alikuwa anakimbilia nyuma ya ghala kumeza cha mchana, ameinama kama mwizi wa kuku. Siku ya nne Shamimu alichoka. Akatoa kiti barazani, mbele ya njia, akaleta trei na kikombe cha maji.

"Kaa hapa," akasema. "Meza."

"Watu wanapita, mama."

"Wapite. Anayetaka kusema aje aone trei, nimweleze shimo moja baada ya jingine."

Alipita mmoja, akatazama, akafungua mdomo. Shamimu akaanza, "Hiki cheupe…" Yule mtu akakumbuka ana safari.

Ile gabapentini wiki ya kwanza ilimpa usingizi, lakini usingizi wa kulala, si ule wa kuzubaa. Kuyumba kukapungua. Semboja akarudi kuwa mmoja. Wiki ya pili Isihaka alinawa uso kwa maji ya vuguvugu bila kushtuka, akatoka uani maji yanamdondoka kidevuni akatuonyesha shavu kama amelinunua. Umeme ulipita mara moja moja, mfupi, kama mtu aliyepiga hodi akaondoka. Na jioni moja wakati napeleka fidia nilimsikia kutoka njiani, yuko bandani, anawanadia mbuzi wawili na mbwa yule jogoo wa Shamimu.

"Sauti hiyo ni ya nani?" Bibi Faudhia akaniuliza.

"Ya Isihaka, bibi."

Akatazama bakuli lake. "Bado siku ngapi Iddi?"

Zaidi wakati huo alikuwa ananadi mwenyewe, na sitasema mengi. Alikuwa anasema, "Mbuzi. Mweusi. Jike. Nani?" Watu wakanunua kwa huzuni.

Jumatano ya mwisho kabla ya Iddi kiwanja kilifurika. Wamasai walileta makundi, watu wa Korogwe walikuja na magari, na nusu ya umati ilikuja kuona kama Isihaka atamuuzia mtu mkewe. Alikuja mapema, amefunga skafu shingoni mpaka shavuni kwa ajili ya upepo. Alikuwa amekunywa uji na kumeza vyake vya asubuhi. Akatembea mpaka kwenye gogo. Nilimtazama miguu, ilikuwa mizito kidogo, lakini ilikwenda ilikotumwa. Akapanda mwenyewe.

Zaidi akampa fimbo, akasimama nyuma yake kama polisi.

Alianza na ng'ombe, akaenda vizuri. Akaja kwenye mbuzi, akaenda vizuri zaidi. Umati ukaanza kuchangamka, mtu mmoja akaanguka kwenye ua kwa kucheka. Halafu akaja Semboja, anamvuta yuleyule dume mwekundu mwenye doa pajani.

"Mtani," Semboja akapaza sauti, "leo naomba uniuzie mtu mwingine!"

"Weka mikono mfukoni, Msambaa! Yote miwili! Jamani, mbuzi huyu mnamjua. Ameshauzwa mara moja na bado yupo! Mmeona wapi mali ya namna hiyo? Mnunuzi wake wa kwanza alimpenda mpaka akamlea upya! Nani anaanza?"

Wakaanza. Bei ikapanda, mwenye duka la nyama wa Korogwe huku, mzee mmoja wa Kimasai kule. Isihaka anageuka huku na huku, sauti inapaa, na katikati ya neno, akanyamaza.

Mimi nilijua. Nilimwona mkono ukielekea shavuni, ukaishia hewani. Macho yalimjaa maji. Zaidi akasogea hatua moja mbele, mkono wake uko tayari kwa fimbo. Shamimu aliyekuwa kando yangu akanishika kiwiko, kucha zikaingia.

Umati haukujua. Umati ulidhani anawasubiri. Kimya cha Isihaka ni kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisikia juu ya gogo lile, na kiliwatisha. Mwenye duka la nyama akaona labda kuna mtu nyuma yake ameongeza, akaongeza. Mzee wa Kimasai akaongeza. Yule wa nyama akaongeza tena, jasho linamtoka. Yote hayo Isihaka amesimama wima kama nguzo, fimbo juu, hajasema kitu.

Umeme ukapita. Niliona mabega yakishuka. Akavuta pumzi, akatabasamu.

"Hivi ndivyo mbuzi mzuri anavyonunuliwa," akasema kwa utulivu. "Anajiuza mwenyewe."

Hapo mimi nikainua mkono. Msiniulize kwa nini. Nilikuwa nimepika bada kwa wiki tatu, Iddi inakuja, na Bibi Faudhia ameshaanza kuuliza habari ya nyama.

Isihaka akanitazama, akanyoosha fimbo kwangu. "Dada Mwaija, umeinua mkono au unajikuna?"

"Nimeinua!"

"Mara ya mwisho mtu aliinua namna hiyo, ilibidi nimwuzie. Mna uhakika hamtaki kumzidi mwanamke huyu? Ulimi wake mnaujua!"

Mwenye duka la nyama alinitazama, akatazama mkono wangu, akaamua kwamba nyama ipo kwingine. Mzee wa Kimasai akacheka akatikisa kichwa.

Ko. Ko. Ko.

Semboja alitoa mikono mfukoni, ameinyanyua yote miwili juu, anaruka. Zaidi aliirudisha mikono yake mgongoni akarudi nyuma kwenye kivuli. "Anayefuata," akasema, na hilo ndilo tabasamu lake la mwaka huu.

Mbuzi tulimchinja asubuhi ya Iddi nyumbani kwa Isihaka. Bibi Faudhia alipewa paja lenye doa. Alilitafuna taratibu, akasema linahitaji chumvi, kisha akageuka kwa Isihaka, aliyekuwa upande wa pili wa sinia anatafunia kulia, anawasimulia wageni namna alivyopanga kile kimya tangu mwanzo.

"Mwanangu," bibi akamwambia, "sasa unaweza kupona."

"Ngoja kwanza, bibi," Shamimu akasema, akamwekea mumewe trei mbele, kidole kwenye shimo la mchana. "Meza, halafu uendelee kudanganya."